Kumimina Tu

Fundi Saa alikuwa na jicho, hilo halina ubishi. Mpelekee saa ya kike, ile ndogo kama punje ya kunde, ataibana lenzi yake jichoni, atashika pumzi, na kabla hujakaa vizuri kwenye benchi atakwambia, "Vumbi. Chembe moja, kwenye jino la gurudumu." Atalitoa hilo vumbi kwa kibano na kukuonyesha. Wewe hutaona kitu, utaitikia tu kwa adabu, lakini saa itatembea.

Mtu mwenye jicho la namna hiyo huamini kwamba hakuna kinachompita. Balaa lilianzia hapo, tena balaa lenyewe la glasi ya divai.

Maana kila jioni, akishafunga kibanda chake na kuingia nyumbani, Fundi Saa alikuwa na raha yake moja, nayo ni divai. Msidhani ni divai ya wakubwa, ile inayolazwa kwenye majani makavu kama yai. Yake ilikuwa nyekundu, ya bei ya chini, yenye kifuniko cha kuzungusha na picha ya ndege ambaye hata mchoraji sidhani kama alijua ni ndege gani. Pale duka la kona ilipangwa kati ya mafuta ya kula na sabuni za mche. Watu wengi waliinunua mara moja tu, wakakunja uso, wakarudi kwenye vinywaji vyao. Lakini kwa Fundi Saa ilikuwa laini, ilishuka bila ugomvi, ikamwachia kinywani ladha ya tunda lililoiva.

Aliinywa kwenye baraza ya nyuma, yeye na mkewe. Mkewe naye alikuwa fundi, fundi cherehani, akishonea sare za shule katika chumba kidogo kilichopakana na jiko. Jioni ikifika aliacha sketi na kola zake, akaingia jikoni, akatoka na sinia: glasi mbili zilizokwisha miminwa, na kisahani cha karanga zenye chumvi. Wakakaa. Fundi Saa akanywa, akashusha mabega, akaanza kusimulia nani kaleta saa iliyotumbukia chooni akiapa kwamba ni jasho, na nani kapotosha mshale kwa kisu cha mezani. Mkewe alicheka panapochekesha na kuguna panapostahili kuguna. Giza likikaribia waliingia ndani. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu watoto wakiwa wadogo hadi walipoondoka mmoja mmoja, na hata siku moja Fundi Saa hakujiuliza raha ile inatoka wapi. Alikuwa ameshajijibu: inatoka kwake.

Basi jioni moja akaja shemeji, mdogo wa mkewe, dereva wa lori, mtu wa kucheka kwa sauti na kula bila kuhimizwa. Akapewa glasi. Akaonja. Akaitazama glasi, akamtazama Fundi Saa.

"Shemeji, hii ni divai gani?"

"Ile ya ndege."

"Acha utani! Ile ya ndege mimi naijua. Niliinunua juzi juzi, nusura nilie. Ilinikwaruza koo kama msasa."

Sasa mtu mwenye busara hapo angenyamaza, akacheka, akaomba karanga. Lakini sifa ni kitu kibaya, jamani. Fundi Saa alivimba, akakaa mkao wa mwalimu.

"Siri ni kuchagua, shemeji. Ndege hawafanani. Mimi chupa naiinua kwenye mwanga, naichungulia kwa lenzi, naangalia kifuniko kimekaaje, halafu ndiyo naichukua. Na zaidi ya yote, ulimi. Ulimi ni kipaji, hausomewi."

"Eh! Kumbe nina shemeji mtaalamu. Na dada yangu je? Naye ana ulimi?"

"Dada yako?" Fundi Saa akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Aa, dada yako kazi yake kumimina tu."

Mkewe alikuwa mlangoni, kisahani cha karanga mkononi. Angekibwaga, mambo yangekuwa nafuu, maana aliyebwaga kitu ameshatoa hasira yake nusu. Yeye alikiweka mezani polepole, akakisogeza katikati, akarudi jikoni. Shemeji akatazama viatu vyake. Fundi Saa, mwenye jicho la kuona vumbi kwenye jino la gurudumu, hakuona kitu. Akaendelea kueleza habari za ulimi.

Jioni iliyofuata hakukuwa na sinia. Juu ya meza ya baraza kulikuwa na chupa, haijafunguliwa, imesimama peke yake kama mgeni aliyekuta wenyewe hawapo.

"Mama," akaita, "vipi leo?"

"Divai yako hiyo hapo, baba. Jimiminie."

"Na karanga?"

"Dukani zipo."

"Wewe huji?"

"Nina kola za kumalizia." Mlango wa chumba cha kushonea ukafungwa, cherehani ikaanza kukoroma.

Fundi Saa akasema moyoni, amenuna huyu, yatapita. Akaenda kwenye kabati la vyombo, akatoa glasi ndefu yenye mguu mwembamba, ile iliyokuwa ikikaa tu kama pambo, akajimiminia. Akanywa. Nyie! Ilikuwa ya vuguvugu, chachu, na kali. Ikamshika koo, ikapanda puani. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Cherehani ikanyamaza kidogo, kama inayosikiliza, halafu ikaendelea.

Ilikuwa vivyo hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Wala si kwamba mkewe alimnunia wazi. Chakula alipika, salamu aliitikia, shati alimpigia pasi. Ila ile saa ya baraza aliifuta, na hapo ndipo Fundi Saa alipogundua kwamba siku nzima alikuwa akiisubiri hiyo.

Halafu ukaja ujumbe wa simu. Binti yao mkubwa alikuwa amejifungua kule anakoishi, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mpango wa awali ulikuwa mama aende amsaidie kidogo, amwogeshe mtoto, kisha arudi. Fundi Saa alikuwa akipita mlangoni aliposikia mkewe akiongea na binti.

"Jumamosi nakuja, mwanangu. Nitakaa... ah, nitakaa tu. Mpaka mtoto atembee. Hata mpaka aanze shule, kwani nani ananifukuza?" Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. "Baba yako? Baba yako hana shida, ni mtaalamu. Kwani mimi hapa nina kazi gani? Kumimina?"

Fundi Saa akasimama pale korido kama saa iliyokatika springi. Neno lake mwenyewe lilikuwa limerudi, tena limekuja na mzigo wa nguo na tiketi ya basi. Hapo sasa akaelewa kwamba mdomo umemponza. Alimjua mkewe. Huyu hakuwa mtu wa kutishia. Akiondoka na neno lile moyoni atakaa kweli, na yeye atabaki na chupa ya ndege na kuta za baraza.

Mngedhani alibisha hodi palepale akaomba radhi. Thubutu! Mwanamume mwenye kipaji haombi radhi kabla ya kujaribu kwanza kuwa sahihi. Akajiambia kwamba tatizo ni divai. Kiwandani wamebadilisha kitu. Akithibitisha hilo, na akapata ile ya zamani, mkewe ataonja, atafurahi, mambo yatarudi yenyewe. Hayo ndiyo mawazo ya mtu aliyekaa na mashine maisha yake yote: kitu kikisimama, tafuta vumbi.

Akabeba chupa na lenzi yake mpaka duka la kona. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mpole, ambaye mtaa mzima ulimwita Chenji Kesho kwa sababu mnazoweza kuzikisia.

"Wamebadilisha divai," Fundi Saa akamwambia, bila hata salamu.

"Hujambo na wewe."

"Sijambo. Wamebadilisha. Tazama huyu ndege." Akaibana lenzi jichoni, akainamia chupa. "Mdomo wake umesogea. Zamani ulikuwa unagusa mstari, sasa haugusi. Wakibadilisha karatasi, ujue wamebadilisha na kilichomo."

Chenji Kesho akamtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia sebuleni. Akachukua kikombe chake cha chai, akakisuuza, akajimiminia tone, akaonja.

"Ni ileile," akasema. "Mbaya kama siku zote."

"Si mbaya! Ilikuwa nzuri!"

"Kwako. Wengine hunirudishia chupa ina robo tatu. Wewe tu ndiye hujawahi kulalamika." Akaifunga chupa, akamrudishia. "Mama hajambo? Siku hizi simwoni kabisa. Hata ile ya kwake hajaja kuchukua, imejaa vumbi pale juu."

"Anashona," Fundi Saa akajibu bila kusikiliza. "Na hata divai ameacha kunywa. Nakunywa peke yangu."

"Ameacha?" Chenji Kesho akainua nyusi. "Mbona chupa unanunua kwa mwendo uleule? Ungekuwa unakunywa peke yako si ingekaa zaidi?"

"Labda namimina nyingi," Fundi Saa akasema, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye mdomo wa ndege. Akaagiza divai nyingine, ile iliyofungiwa kwenye kabati la kioo, yenye kizibo cha gome na jina refu lisilotamkika. Chenji Kesho ilibidi atafute ufunguo.

Aliinywa jioni hiyo kwa heshima zote. Haikuwa mbaya. Ilikuwa na harufu nyingi, na kila harufu ilitaka usikilizwe. Lakini ilikuwa kama kukaa kwenye harusi ya watu usiowajua: umevaa vizuri, umepewa kiti, na unatamani kwenda nyumbani. Alimaliza glasi moja akaifunga.

Kilichomfumbua macho, tena macho yake hayahaya ya sifa, kilikuwa kidole cha mguu.

Kwa miaka mingi, kila alipoingia bafuni kunawa mikono baada ya kazi, mguu wake ulijikwaa kwenye ndoo. Ndoo ya bluu, imejaa maji, imewekwa palepale nyuma ya mlango. Na kila siku alilalamika, "Nani anaacha ndoo hapa, jamani?" na kila siku mkewe alijibu kutoka jikoni, "Pole, baba." Yalikuwa maneno ya mapokeo, kama dua ya kuingilia nyumbani. Alhamisi ile akaingia bafuni, akanyanyua mguu kuiruka ndoo kwa mazoea, kama alivyofanya siku zote hizo bila kutazama chini, akakanyaga sakafu tupu, na safari hii akatazama. Ndoo haikuwapo. Ilikuwa imepinduliwa kule uani, kavu.

Akabaki na mguu mmoja juu. Ndoo ya nini, kwani? Bomba lipo. Haikuwa ya kufulia, haikuwa ya kudekia. Kwa nini kila siku iwe na maji, jioni, nyuma ya mlango ambako jua halifiki?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi Saa akainama kweli, uani, akaigeuza ile ndoo. Ndani, kwenye kitako, palikuwa na alama ya duara, imekwaruzika kidogo kidogo kwa miaka. Hakuhitaji lenzi. Akaenda akachukua chupa, akaisimamisha ndani. Ikakaa sawasawa.

"Ahaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kofi taratibu.

Akaingia jikoni kama mwizi. Mkewe alikuwa ametoka kupeleka sare, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Nyuma ya sufuria, kwenye rafu ya juu, akakuta jagi la bati jeupe, limebanduka rangi mdomoni. Akalichungulia ndani: lilikuwa na kivuli cha zambarau ambacho hata kusugua kwa nyuzi za chuma kusingekitoa. Pembeni yake zilikuwa zile glasi fupi, nene, za kawaida kabisa. Na kopo la karanga.

Kumbe. Chupa ilikuwa ikitiwa kwenye ndoo ya maji ya bomba mchana mkali ukianza kupoa, ili isinywewe na joto la dukani. Kisha ikafunguliwa mapema, ikamwagwa kwenye jagi, ikaachwa ipumue, ule ukali ukatoka kwenye mdomo mpana wa bati. Ndipo ikamiminwa. Na yeye alikuwa anaruka ndoo na kulalamika, halafu anatoka barazani kusifu ulimi wake.

Alijaribu palepale. Mara ya kwanza, kwa kuwa ni mwanamume na ni fundi, alizidisha: akatia barafu kwenye ndoo. Divai ikawa baridi mpaka ikafa ganzi, haina ladha yoyote. Akaitoa, akaiacha, akasubiri. Akaimwaga kwenye jagi, akakaa akilitazama kama anayesubiri maji yachemke. Akatumia glasi nene. Akatia karanga mdomoni, akanywa.

Ilikuwa yenyewe. Laini, haina ugomvi, ile ladha ya tunda lililoiva. Fundi Saa akapiga meza kwa furaha, akageukia kiti cha pili kusema, "Umeona?"

Kiti kilikuwa kitupu. Na siku hiyo alikuwa na habari nzuri kweli! Mteja mmoja alileta saa ya ukutani akidai ina jini kwa sababu inalia usiku tu, kumbe mjusi alikuwa ametaga mayai ndani. Alikuwa ameitunza habari hiyo tangu asubuhi, anaipanga, anajua kabisa atainua sauti wapi. Sasa amwambie nani? Akanywa tena. Divai ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na raha. Ng'ambo ya ukuta cherehani ikaanza kukoroma, maana mkewe alikuwa amerudi na kuingia chumbani kwake moja kwa moja. Fundi Saa akaisukuma glasi pembeni. Alimkosa mkewe, mtu aliye nyuma ya ukuta mmoja, akamkosa kiasi cha kutaka kulia.

Ijumaa akafunga kibanda mapema. Mteja aliyekuja na saa ya mezani akaambiwa arudi wiki ijayo. Akajaza ndoo, akaiweka nyuma ya mlango wa bafu, palepale. Akatia humo chupa ya ndege. Akaosha jagi. Akakaanga karanga mwenyewe, akaunguza za kwanza, akakaanga nyingine. Barazani akaweka sinia, glasi mbili nene, akazimimina zote mbili sawasawa kutoka kwenye jagi, na akainamisha kichwa kupima kama zimelingana. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kubisha hodi.

Mkewe alikuwa anafunga begi. Kanga za mtoto zilikuwa juu ya cherehani, zimekunjwa.

"Mama," akasema, "nilikosa."

Mkewe hakugeuka. "Ulikosa nini?"

"Nilisema unamimina tu. Mbele ya ndugu yako. Nimeiona ndoo. Nimeliona jagi. Miaka yote nilikuwa najisifu kwa kazi yako, tena bila haya." Akasogea hatua moja. "Na hata nilipojua namna ya kufanya, nikafanya, ikatoka vizuri, sikuifurahia. Nilikuwa na habari ya mjusi, sikuwa na wa kumwambia. Naomba unisamehe. Safari nenda, mjukuu ni wetu. Ila usiende na neno lile."

Yule mama akanyoosha kwa vidole kanga ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Halafu akasema, "Mjusi gani?"

Wakatoka barazani. Alipoona sinia akasimama, akaitazama ndoo iliyoonekana kupitia mlango wa bafu, akatazama karanga ambazo nyingine zilikuwa nyeusi kidogo, uso wake ukalegea. Akakaa. Fundi Saa akamkabidhi glasi kwa mikono miwili. Mkewe akaichungulia, akamtazama mumewe, akaichungulia tena. Kisha akafumba macho, akanywa.

Uso ulimkunjika kama wa mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

"Nini?" Fundi Saa akashtuka. "Imeharibika? Nimeiacha muda mfupi? Barafu sikutia, naapa!"

Mkewe alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka glasi chini ili isimwagike.

"Baba," akasema alipopata pumzi, "mimi sinywi divai."

"Hunywi tangu lini?"

"Tangu unioe."

Fundi Saa akatoa macho. "Lakini kila siku... glasi yako... tumekaa hapa..."

"Juisi ya zabibu. Muulize Chenji Kesho, ananiwekea rafu ya juu. Divai inanipa kiungulia. Ile siku ya kwanza uliponiletea, ulikuwa na furaha, ukasema raha ya divai ni kuinywa wawili. Nikaona nikikataa nitakuvunja moyo. Nikanywa, nikateseka usiku mzima. Kesho yake nikanunua juisi. Rangi moja."

"Na ndoo? Na jagi?"

"Si ulikuwa unaikunjia uso? Nilikuwa nakutazama unavyokunywa. Nikajaribu maji, uso ukapungua kukunjika. Nikajaribu jagi, ukapungua tena. Sikuwa naonja, baba. Nilikuwa naangalia uso wako tu."

Hapo Fundi Saa akaitazama ile glasi. Vumbi kwenye jino la gurudumu aliliona. Mdomo wa ndege uliosogea unywele mmoja aliuona, hata kama haukusogea. Glasi iliyokuwa mbele yake, umbali wa mkono, jioni baada ya jioni, hakuwahi kuiangalia.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza, taratibu.

"Mwanzoni nilikuwa nangoja uone mwenyewe." Mkewe akachukua karanga moja, ile nyeusi, akaitafuna. "Baadaye nikasahau kwamba nangoja. Nikawa nafurahia tu kukaa."

Fundi Saa akainuka. Hakusema anakwenda wapi. Alitoka kwa mlango wa mbele akiwa na kandambili, tena zile za bafuni, na watu wa mtaani walishangaa kumwona mtu nadhifu kama yule akikimbia hivyo. Chenji Kesho alikuwa anaanza kupanga makreti ndani.

"Nipe ile ya kwake," Fundi Saa akasema, akihema.

Chenji Kesho hakuuliza ya nani. Akapanda kigoda, akaishusha kutoka rafu ya juu, akaifuta vumbi kwa aproni. "Leo umekuja wewe," akasema.

Nyumbani hakumimina haraka. Aliitia juisi kwenye ndoo kwanza, kwa sababu ilikuwa ya vuguvugu, akachuchumaa bafuni akiigusa mara kwa mara kwa kiganja mpaka ikapoa. Ndipo akaleta. Akamwaga ile divai ya mkewe kwenye glasi yake mwenyewe, akaisuuza glasi, akamimina juisi. Kabla ya kumpa akaomba, "Naweza kuonja?"

"Onja."

Akaonja. Midomo ikagandana. "Mama yangu! Tamu hivi? Unaimezaje?"

"Kwani karanga zenye chumvi nilikuwa namwekea nani?" mkewe akajibu.

Wakacheka, wote wawili, na kicheko safari hii hakikuwa kikavu. Upepo wa jioni ukapita barazani. Fundi Saa akainua glasi yake ya ndege, akanywa, akashusha mabega, na raha ikamwingia kama zamani, na zaidi ya zamani, maana sasa alijua inapotoka.

"Mtoto akikaza shingo tu, narudi," mkewe akasema, akitazama glasi yake. "Mwambie Chenji Kesho asiuze zile za rafu ya juu."

"Nitazinunua mwenyewe."

"Haya. Habari ya mjusi."

Fundi Saa akafungua mdomo. Ilikuwa habari nzuri, alishaipanga yote, alijua mpaka pa kuinua sauti. Akaufunga tena. Akasogeza kiti chake kikatazamana na cha mkewe, akaweka glasi chini.

"Mjusi atangoja," akasema. "Leo anza wewe."

Mkewe akamtazama, akajua hatanii, akaizungusha glasi yake mkononi, kwa sababu hakuwahi kuulizwa na hakujua aanzie wapi.